Kuhamisha jina la tovuti kwa msajili mwingine: nini hasa kinahama?

Tuseme taasisi yenu ina tovuti yenye jina linaloishia na .com. Mwaka wa kwanza mlilipa bei ya ofa, mwaka wa pili bei ikaruka. Au mnapiga simu huduma kwa wateja na hakuna anayepokea. Au jina lilisajiliwa na fundi aliyewatengenezea tovuti, na sasa mnataka kila kitu kiwe mikononi mwenu. Sababu iwe ipi, mnataka kuhama, na hapo maswali yanaanza: tovuti itazimika? Barua pepe zitapotea? Jina lenyewe linaweza kuangukia kwa mtu mwingine njiani?

Jibu fupi: kuhamisha jina peke yake hakuzimi tovuti wala hakupotezi barua pepe. Lakini wapo wanaopotelewa na vyote viwili wiki ileile ya kuhama, kwa sababu walidhani wanahamisha kitu kimoja kumbe walikuwa wanagusa vitatu. Kwa hiyo kabla ya kuja kwenye hatua zenyewe, hebu tuvitenganishe kwanza. Ukishaelewa nini kinahama na nini kinabaki, hatua hazihitaji kukaririwa.

Nani anafanya nini

Nyuma ya kila jina la kikoa, au domeini kama wengi wetu tunavyosema, kuna watu watatu.

Wa kwanza ni masjala. Kila mwisho wa jina una masjala yake moja tu. Majina yote ya .com duniani yako kwenye daftari moja linalotunzwa na kampuni ya Marekani iitwayo Verisign. Majina ya .ke yako kwenye daftari la KeNIC, Kenya. Hakuna nakala ya pili inayoshindana na hiyo. Lililoandikwa humo ndilo jibu.

Wa pili ni msajili. Huyu ndiye mwenye ruhusa ya kuandika kwenye daftari la masjala kwa niaba yako. Zamani hakukuwa na cha kuchagua: mpaka 1999, ukitaka jina la .com ulikwenda kwa kampuni moja tu, Network Solutions ya Marekani. ICANN, shirika lililoanzishwa 1998 kuratibu majina ya intaneti, likafungua ushindani. Masjala ikabaki moja, wasajili wakawa wengi, na neno "kuhama" likaanza kuwa na maana. Chini ya wasajili kuna mawakala pia. Kampuni uliyoilipa inaweza kuwa wakala tu wa msajili mkubwa aliye nchi nyingine, na huenda hujawahi kulisikia jina lake.

Wa tatu ni wewe, mwenye jina. Na hapa tuwe wakweli: jina hulinunui, unalikodi. Unalipia mwaka mmoja mpaka kumi, basi.

Kama umewahi kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba, huduma iliyoanza Kenya 2011 na Tanzania 2017, wazo la msingi unalo tayari. Namba ni ileile, kampuni inayokuhudumia imebadilika. Ila kuna tofauti moja kubwa. Kwenye simu, ukihama mtandao unahama na minara yake. Kwenye jina la tovuti, ukihama msajili, "minara" inabaki ilipokuwa. Tofauti hiyo ndiyo inayowachanganya watu.

Kinachohama ni mstari mmoja

Rekodi ya jina lako kwenye masjala ni fupi. Ina tarehe lilipoandikishwa, tarehe linapoisha, hali yake (limefungwa au liko wazi), msajili wake, na orodha ya seva za majina. Unapohamisha jina, masjala inabadilisha ule mstari unaotaja msajili, na kwa .com inasogeza mbele tarehe ya kuisha. Seva za majina haziguswi.

Sasa angalia simu inavyoitafuta tovuti yako. Mtu akiandika jina lako, simu yake inauliza seva ya kutafuta majina, mara nyingi ile ya kampuni yake ya intaneti. Seva hiyo, kama haina jibu tayari, inaanzia juu: inaambiwa .com iko wapi, inakwenda kwa seva za .com, nazo zinasema, "jina hili, waulize seva za majina hizi hapa." Hizo ndizo zinazotoa anwani ya kompyuta ilipo tovuti yako. Ndizo pia zinazosema barua pepe zako zipelekwe wapi.

Umeona? Katika safari nzima hiyo msajili hakuulizwa chochote. Ndiyo maana kumbadilisha msajili hakupaswi kuzima kitu.

Sasa mtego uko wapi? Uko kwenye swali hili: hizo seva za majina ni za nani? Kuna kampuni tatu zinazoweza kuwa tofauti kabisa. Moja inasajili jina, moja inaendesha seva za majina, na moja inahifadhi mafaili ya tovuti na barua pepe. Kwa wengi, zote tatu ni kampuni moja iliyowauzia kifurushi. Wakihama, wanahamisha ile ya kwanza, wanafunga akaunti, na kampuni ya zamani inazima ya pili na ya tatu. Masjala bado inawaelekeza watu kwenye seva zilezile, ila sasa hazijibu. Hata kama mafaili yako salama kwenye hifadhi nyingine, hakuna anayejua njia ya kufika.

Tena hitilafu hii haijitokezi kwa wote kwa wakati mmoja. Seva za kutafuta majina hukumbuka majibu kwa muda ili zisiulize kila mara. Kwa .com, jibu la "seva za majina ni hizi" hupewa uhai wa sekunde 172,800, yaani siku mbili. Ndiyo maana wewe unaiona tovuti vizuri, mwenzako wa ofisi ya pili anasema haifunguki, na wote wawili mnasema kweli.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: kama seva za majina ni za msajili unayemkimbia, hamisha hizo kwanza. Subiri siku mbili tatu, hakikisha kila kitu kinafanya kazi, halafu ndiyo uguse habari ya msajili.

Kwa nini kufuli nyingi hivi?

Ukianza kuhama utakutana na kufuli, msimbo, barua pepe za uthibitisho na siku za kusubiri. Inakera. Lakini kila kizuizi kina historia, na kisa cha Panix kinaieleza vizuri.

Panix ni kampuni ya intaneti ya New York iliyoanza 1989. Jumamosi moja, tarehe 15 Januari 2005, wateja wake walikuta barua pepe hazifiki. Jina panix.com lilikuwa limehamishwa kwa msajili wa Australia, Melbourne IT, bila wenye jina kujua. Rekodi za seva za majina zilielekezwa Uingereza na barua pepe Kanada. Ilikuwa mwisho wa wiki, Panix walihangaika kumpata mtu wa kuwasaidia, na jina lilirudi baada ya takriban siku mbili. Ilibainika kwamba ombi la kuhama lilipitia kwa wakala wa msajili huyo, na ruhusa ya mwenye jina haikuhakikiwa.

Iliwezekanaje? Miezi miwili tu nyuma, Novemba 2004, ICANN ilikuwa imeanza kutumia kanuni mpya ya uhamisho. Tatizo ililotaka kulitibu lilikuwa la kweli: kulikuwa na wasajili waliowashikilia wateja mateka. Mteja akiomba kuhama, msajili wa zamani anatuma barua ya uthibitisho, mteja asipoiona, ombi linakataliwa. Kanuni mpya ikageuza mambo: msajili wa zamani akikaa kimya siku tano, kimya hicho kinahesabiwa ni kukubali. Jukumu la kuhakikisha kwamba mwenye jina kweli ameridhia likawekwa kwa msajili mpya. Pale msajili mpya, au wakala wake, alipolegea, hakukuwa na ukuta wa pili. Na wakati huo majina ya .com yalikuwa bado hayajaanza kutumia msimbo wa uhamisho.

Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo. Mlango ukiwa mgumu sana, msajili mbaya anakufungia ndani. Ukiwa mwepesi sana, mwizi anatoka na mali yako. Kanuni za leo ni mizani kati ya hofu hizo mbili. Kimya cha siku tano bado ni kukubali, lakini kuna vitu viwili vinavyolinda jina. Cha kwanza ni kufuli: jina likiwa na hali iitwayo clientTransferProhibited, masjala inakataa ombi lolote la kuhama. Cha pili ni msimbo wa uhamisho, mfano wa nywila ya jina lenyewe, ambao anayeomba kuhama lazima awe nao.

Tangu 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika, barua pepe za wenye majina nyingi zimefichwa kwenye rekodi za hadharani. Msajili mpya mara nyingi hawezi tena kukutafuta akuulize kama ni wewe kweli. Maana yake, mwenye msimbo ndiye anayeaminiwa. Usiutume kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Usimpe "kijana wa IT" ambaye hamna mkataba naye.

Kagua haya kabla ya kugusa chochote

1. Jina limeandikwa kwa nani? Ingia kwenye akaunti ya msajili uangalie jina la mmiliki na barua pepe yake. Kama ni za fundi, hujaanza safari. Kwanza malizana naye.

2. Barua pepe ya mmiliki inafanya kazi? Na muhimu zaidi, isiwe chini ya jina hilohilo unalohamisha. Jina likisumbua, barua za kukuokoa zitakuwa zinatumwa kwenye sanduku ambalo huwezi kulifungua.

3. Jina lina umri gani? Kwa kanuni za sasa, jina la .com likiwa halijatimiza siku 60 tangu liandikishwe, au tangu lilipohama mara ya mwisho, tarajia kukataliwa.

4. Umebadilisha taarifa za mmiliki karibuni? Huu ni mtego wa watu makini. Unaona jina la mmiliki lina makosa, unalirekebisha kwanza ili uhame ukiwa msafi, na kumbe rekebisho hilo linaweza kuleta kufuli ya siku 60. Wasajili wengine wanakupa nafasi ya kukataa kufuli hiyo kabla hujahifadhi mabadiliko, kwa hiyo soma kila kisanduku. Kama taarifa za zamani bado zinakuwezesha kupokea barua, mara nyingi ni nafuu kuhama kwanza na kurekebisha baadaye.

5. Linaisha lini? Usisubiri wiki ya mwisho. Jina likiisha, msajili anaweza kuendelea kulishikilia mpaka siku 45. Likifutwa, linaingia kipindi cha siku 30 ambapo unaweza kulirudisha kwa kulipa faini, halafu siku 5 za mwisho, kisha yeyote analichukua. Tena ukirefusha jina baada ya kuisha na kuhama ndani ya siku hizo 45, mwaka uliolipia unaweza kupotea. Anza walau mwezi mmoja kabla, upumue.

6. Nakili rekodi zote. Fungua ukurasa wa DNS, piga picha ya skrini au nakili kila mstari: A ya tovuti, MX ya barua pepe, CNAME, na hasa zile TXT ndefu zinazozuia barua zako zisionekane taka. Zikipotea hizo, barua zinatoka lakini zinaishia kwenye taka za watu, na hakuna atakayekuambia.

7. DNSSEC imewashwa? Huu ni muhuri unaothibitisha kwamba majibu ya seva zako hayajachezewa. Ukibadilisha seva za majina huku muhuri wa zamani ukiwa bado masjala, seva zinazohakiki zitaona majibu mapya kama ya bandia na kuyakataa. Uzime, subiri siku mbili tatu, badilisha seva, kisha uwashe upya.

Hatua zenyewe

Ukishakagua, iliyobaki ni kazi ndogo.

Kwa msajili wa zamani, ondoa kufuli na uombe msimbo wa uhamisho. Kwa kanuni za ICANN, kama huwezi kuupata mwenyewe kwenye akaunti, lazima akupe ndani ya siku tano tangu uombe.

Kwa msajili mpya, fungua akaunti, washa uthibitisho wa hatua mbili, andika jina, weka msimbo, lipia. Kwa kawaida unalipia mwaka mmoja, na mwaka huo unaongezwa juu ya muda uliobaki. Jina lililobakiza miezi minne litakuwa na miezi 16. Hupotezi kitu, mradi jumla isivuke miaka kumi.

Msajili mpya anapeleka ombi masjala. Masjala inamjulisha wa zamani, naye anakutumia barua akikuambia kwamba jina lako linataka kuhama. Barua hii isome kwa makini. Kama ni wewe uliyeomba, wasajili wengi wanakuwekea kiungo cha kukubali mara moja ili usisubiri. Kama si wewe uliyeomba, una siku tano tu za kupinga, na ukikaa kimya, limeondoka.

Likishafika, usisherehekee bado. Angalia kama tarehe ya kuisha imesogea, kama seva za majina ni zilezile, rudisha kufuli, washa malipo ya kujirefusha. Jitumie barua pepe kutoka anwani ya nje, uijibu. Akaunti ya zamani usiifunge mpaka wiki moja au mbili zipite.

Ukikataliwa

Msajili wa zamani hana uhuru wa kukataa anavyotaka. Anaweza kukataa akiona dalili za wizi, kukiwa na shaka ya msingi kuhusu nani anaomba, ukiwa unadaiwa ada ya muda wa jina uliokwisha kupita, au ukiwa ndani ya zile siku 60. Hawezi kukataa kwa sababu hujalipia mwaka ujao. Akikuzuia hivyohivyo, ICANN inapokea malalamiko kuhusu uhamisho kupitia tovuti yake, na ni bure. Andika tarehe ulizoomba msimbo na utunze majibu. Kama kampuni yako ni wakala, tafuta kwenye lookup.icann.org msajili halisi wa jina lako ni nani, umwandikie yeye.

Na majina ya .ke na .tz?

Haya yote juu, hasa siku 60 na siku tano, ni ya majina ya jumla kama .com, .org na .net. Majina ya nchi hayako chini ya kanuni hiyo ya ICANN. Kila masjala ya nchi inaweka utaratibu wake, kwa hiyo kwa .co.ke au .or.tz usikariri siku za .com. Soma kanuni za masjala husika, na hakikisha msajili unayekwenda kwake yuko kwenye orodha yao ya walioidhinishwa. Lakini hoja ya seva za majina na ya kunakili rekodi ni ileile, kwa sababu hiyo ni namna intaneti inavyofanya kazi, haitegemei kanuni ya mtu.

Hata kama huhami

Fikiria shule iliyochapisha anwani ya tovuti kwenye kila cheti, au kikundi cha wakulima ambacho wanunuzi wote wanakijua kwa barua pepe moja. Jina likipotea, hawapotezi kurasa tu. Mtu mwingine anaweza kuanza kupokea barua zao. Nywila za mitandao ya kijamii zilizofunguliwa kwa anwani ile zinaweza kubadilishwa na huyo aliyelishika jina.

Kwa hiyo leo, kabla hata ya kufikiria kuhama, fanya jambo moja la dakika tano. Tafuta jina la taasisi yenu kwenye lookup.icann.org, kama ni .com au .org. Angalia msajili ni nani, linaisha lini, lina kufuli au halina. Kisha uliza ofisini: nywila ya akaunti hiyo anayo nani? Kama jibu ni jina la mtu aliyeacha kazi mwaka juzi, anza naye huyo. Bado mna muda wa kumpigia simu.